Nusu Karne ya Chuo cha Utalii cha Kenya: Somo kwa Vilima vya Buha

Nusu karne imetimia tangu Kenya ilipoanzisha Chuo cha Utalii mwaka 1975, kando ya Barabara ya Thika jijini Nairobi, kwa ushirikiano na serikali ya Uswisi. Wapishi, wahudumu wa mezani, watu wa mapokezi, waongoza watalii na mameneja wa hoteli waliosoma pale wameenea Afrika Mashariki nzima na kuvuka mipaka yake, na vijana wa mataifa mengine ya Afrika wamekaa katika madarasa yale yale pamoja na Wakenya. Kwa msomaji wa Muyama, wa Kasulu au wa Kibondo, huku Buha mkoani Kigoma, sherehe ya chuo kilicho Nairobi inaweza kuonekana kuwa shughuli ya watu wengine. Makala hii inashikilia kwamba inatuhusu, na inatuhusu kuliko inavyowahusu watu wa pwani. Asili ya chuo hiki iko katika nchi ya vilima isiyo na bahari, iliyokuwa maskini, na iliyozoea kusafirisha vijana wake kwenda kufanya kazi za wengine. Vilima hivyo viligeuka mahali ambapo wengine husafiri kwenda, na historia ya mageuzi hayo inaonyesha kwamba kilichodumu ni ufundi uliorithishwa kwa utaratibu. Majengo yalikuja na kuondoka. Chuo cha Utalii ni tawi la ufundi huo lililopandikizwa katika udongo wetu, na ushahidi wa hoja hii unaanzia mbali kidogo, katika maisha ya mjenzi mmoja wa karne ya 19.

Uswisi tunayoisikia leo, ya benki na saa, si ile ya mwanzo wa karne hiyo. Mwaka 1816 majira ya joto hayakufika Ulaya, baada ya volkano ya Tambora kulipuka Indonesia mwaka uliotangulia, na mwaka 1817 njaa iliwaua watu katika mabonde ya Uswisi ya mashariki. Mwaka 1819 mamia ya familia zilihamia Brazili na kuanzisha mji wa Nova Friburgo. Kwa vizazi vingi kabla ya hapo, vijana wa milimani walikuwa wakienda kuwa askari wa kukodiwa katika majeshi ya wafalme wa kigeni, kwa sababu shamba la baba lilikuwa dogo na mlima hauongezeki. Katika nchi hiyo, kijijini Kerns, jimbo la Obwalden, alizaliwa Franz Josef Bucher mwaka 1834, mtoto wa wakulima. Miaka ya 1860 aliungana na Josef Durrer, mtu wa kijiji hicho hicho aliyekuwa na akili ya mitambo, wakaanza kiwanda cha kupasua mbao na kutengeneza vibao vya sakafu, vile vipande vya mbao ngumu vinavyopangwa kwa mapambo hadi kipande na kipande vikaonekana kama kimoja. Ujenzi waliuingilia sakafuni. Walijua sakafu kabla ya kujua ghorofa, na walijua mbao kabla ya kujua wageni.

Mwaka 1871 walinunua malisho juu ya mgongo wa mlima Bürgenstock, kiasi cha mita 450 juu ya ziwa la Luzern, mahali ambapo wenyeji waliona nyasi za ng'ombe na wao wakaona dirisha. Mwaka 1873 hoteli yao ya kwanza ikafunguliwa. Kisha wakagundua kwamba mgeni hapandi mlima kwa sifa peke yake, bali anahitaji njia. Mwaka 1888 walijenga reli ya kupandisha watu kwa kamba ya chuma, inayovutwa kwa umeme wa kituo chao wenyewe. Mwaka 1893 wakafungua nyingine kwenye mlima Stanserhorn, yenye breki ya koleo inayobana reli kwa nguvu ya kutosha kusimamisha behewa lisiporomoke. Mwaka 1905 Bucher alifungua lifti ya Hammetschwand, inayopanda zaidi ya mita 150 ukutani mwa jabali. Alisanifu, alijenga, aliendesha na alimiliki. Mwaka 1906 hoteli yake kubwa ya Palace ilifunguliwa Luzern, na wakati huo huo alikuwa akijenga nyingine Cairo, kando ya Nile, iliyoitwa Semiramis. Hakuiona ikifunguliwa. Alifariki Cairo mwaka huo huo wa 1906, na milango ya Semiramis ikafunguliwa mwaka 1907. Kuna jambo hapa ambalo mtu wa Buha atalihisi karibu: tawi la kusini kabisa la Mto Nile huanzia Rutovu, katika milima ya Burundi, jirani zetu tunaotazamana nao ng'ambo ya mpaka. Maji yaliyopita mbele ya madirisha ya mkulima huyu wa Kerns yalikuwa na asili katika vilima vya aina yetu.

Sasa tutazame kilichobaki. Urafiki wa kibiashara wa Bucher na Durrer ulikwisha katikati ya miaka ya 1890. Vita Kuu ya mwaka 1914 ilikausha wageni Uswisi nzima ndani ya mwezi mmoja tu, na mwaka 1915 serikali ya shirikisho ilizuia kujenga hoteli mpya bila uthibitisho kwamba inahitajika, kwa sababu vyumba vilikuwa vingi na watu hawapo. Hoteli za Bürgenstock ziliingia mikononi mwa wengine mwaka 1925. Zimebadilisha wamiliki tena tangu hapo, na zilipofunguliwa upya mwaka 2017 mwenye mali alikuwa kampuni ya Qatar. Semiramis ya mwaka 1907 ilibomolewa miaka ya 1970, na hoteli iliyo mahali pake leo ina jina lile, lakini kuta si zile. Kwa kipimo cha majengo, basi, maisha ya Bucher yameacha kidogo kuliko yalivyotumia. Hata hivyo, hoteli za Uswisi hazikufa. Mwaka 1893, mwaka ule ule wa reli ya Stanserhorn, mwenye hoteli mwenzao Jacques Tschumi alifungua darasa katika hoteli moja ya Ouchy, Lausanne, likiwa na wanafunzi 27, kwa niaba ya chama cha wenye hoteli kilichoundwa mwaka 1882. Ilikuwa shule ya kwanza ya hoteli duniani. Darasa hilo la watu 27 lilivuka vita viwili, mdororo wa uchumi na mabadiliko ya wamiliki wote, na linafundisha mpaka leo. Kuta zilipokosa wageni, watu waliofunzwa walibaki na kazi yao mikononi, wakaenda nayo popote palipokuwa na mgeni.

Mtu makini atapinga hapo. Atasema kwamba Bucher mwenyewe hakusoma shule yoyote ya hoteli, kwa sababu haikuwepo, na bado alijenga kuliko wahitimu wengi. Je, hilo halithibitishi kwamba kipaji na ujasiri vinatosha? Pingamizi hili lina uzito, na jibu lake liko ndani ya kiwanda cha mbao. Bucher na Durrer hawakutoka malishoni moja kwa moja mpaka ukumbi wa dansi. Walipita kwenye kazi yenye kipimo, ambako kibao kilichozidi nywele moja hukataliwa na mbao mbichi hupinda na kumuaibisha fundi. Nidhamu ya sakafu ndiyo waliyoipandisha mlimani. Shule walikuwa nayo, ila haikuitwa shule. Tena kipaji cha mtu mmoja huzikwa naye. Alipofariki Bucher, hakuna aliyeweza kuendesha himaya ile kwa mkono wake, na ndani ya miaka ishirini ilikuwa imetawanyika. Tschumi, ambaye jina lake halikuandikwa juu ya milima, aliacha kitu ambacho mtu mwingine angeweza kukishika kesho yake asubuhi. Anayetaka kazi iendelee baada yake hana budi kufanya kama Tschumi, hata kama moyoni anamhusudu Bucher.

Ndipo tunafika Nairobi. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Kenya ilikuwa inajenga hoteli kwa kasi. Hilton ya Nairobi ilifunguliwa mwaka 1969, na pwani ya Mombasa na Malindi ilikuwa ikijaa. Nchi ilikuwa huru, lakini ofisi ya meneja na jiko kuu mara nyingi vilishikwa na wageni, huku mwananchi akibeba mizigo. Kenya ingeweza kuomba Uswisi mkopo wa hoteli nyingine. Ilichoomba ni shule, na uamuzi huo ndio unaostahili kukumbukwa katika maadhimisho haya. Chuo kilijengwa pamoja na hoteli yake ya mafunzo katika eneo hilo hilo, yenye wageni wanaolipa, ili mwanafunzi asijifunze kwa kuigiza. Kulikuwa na walimu Waswisi mwanzoni, na kadiri Wakenya walivyohitimu na kwenda kusomea ualimu wa fani hiyo, nafasi zikawa za Wakenya. Fedha za kuendesha hazikuachwa zitegemee huruma ya mfadhili. Sheria iliweka tozo ya asilimia 2 kwa hoteli na migahawa, ili biashara inayofaidi mikono iliyofunzwa ichangie kuifunza. Mambo hayo matatu, yaani mahali pa kufanyia kazi halisi, walimu wanaorithishana na mfuko unaojitegemea, ndiyo siri ya miaka hamsini. Likikosekana mojawapo, chuo hugeuka jengo lenye kibao mlangoni.

Anayedhani elimu hii ni nyepesi aitazame kwa karibu. Glasi haifutwi ikiwa kavu. Hushikwa juu ya mvuke wa maji ya moto, ikafutwa kwa kitambaa cha kitani kisichoacha nyuzi, kisha ikainuliwa kwenye mwanga kutafuta alama ya kidole, na haishikwi tena mdomoni bali shinani. Shuka hutandazwa upindo wake ukiwa chini, pembe zikakunjwa kwa mshazari na kubanwa chini ya godoro, ili mgeni ageuke usiku mzima na asikute godoro tupu asubuhi. Mpishi hufundishwa kuhesabu kabla ya kuonja: kilo ngapi za nyama hutoa sahani ngapi, mfupa una uzito gani, na bei ya sahani iwe ngapi ili kesho kuwe na fedha ya kurudi sokoni. Wenye migahawa wengi hufunga si kwa sababu chakula chao ni kibaya, bali kwa sababu hawakujua sahani moja inawagharimu nini. Haya yote hufundishika, na yanayofundishika hurithishwa.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo lilizaliwa kwetu Tanzania. Mwaka 1970 Umoja wa Vijana wa TANU ulihoji hadharani iwapo utalii unafaa katika nchi ya ujamaa, na mjadala ukaendelea magazetini. Issa Shivji aliukusanya katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1973. Waliopinga walisema kwamba utalii hutuma fedha nje, hufanya nchi itegemee mapenzi ya matajiri wa mbali, na humlea mwananchi katika tabia ya utumwa, akitabasamu kwa malipo. Hoja hizo hazikuwa za kipuuzi, na mwaka 1914 kule Luzern ungewapa ushahidi wa kutosha juu ya utegemezi. Lakini zinagonga zaidi hoteli isiyo na mwenyeji mwenye ujuzi kuliko hoteli yenyewe. Fedha huenda nje pale meneja, mpishi mkuu na mchuuzi wa nyama wanapotoka nje. Mwananchi anajiona mtumwa pale ambapo hakuna ngazi mbele yake, akianza kubeba mizigo na kustaafu akibeba mizigo. Aliyefunzwa fani akapewa cheti anachoweza kukipeleka kwa mwajiri mwingine si mtumwa wa huyu. Ana mlango wa kutokea, na kijana wa mapokezi anaweza kuwa meneja wa kesho. Kwa hiyo chuo kilijibu sehemu kubwa ya malalamiko ya 1970 kwa vitendo. Sehemu iliyobaki, ile ya kutegemea wageni wa ng'ambo, inajibiwa kwa kukumbuka kwamba mgeni si lazima awe Mzungu. Dereva wa lori, mfanyabiashara kutoka Burundi, mwalimu anayekuja kusimamia mtihani na familia iliyokuja msibani wote hulala, wote hula, na wote hulipa.

Wengine watasema kwamba sisi Waafrika tunazaliwa na ukarimu, na kwamba wahenga walishamaliza somo waliposema mgeni njoo, mwenyeji apone. Ni kweli, na ni hazina. Lakini wahenga hao hao walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, maana walijua kwamba ukarimu wa nyumbani una mpaka, na baada ya mpaka huo mgeni huwa mwanafamilia. Hoteli ni makubaliano ya namna nyingine. Mgeni wa siku ya thelathini ana haki ya shuka safi sawasawa na wa siku ya kwanza, hata kama mwenyeji ameamka na huzuni. Ukarimu hutoka moyoni, na moyo una siku zake. Huduma hutoka katika mazoea yaliyofunzwa, ndiyo maana haitetereki. Chuo hakiji kuchukua nafasi ya ukarimu wetu, kinakuja kuupa mifupa.

Turudi sasa katika vilima vya Buha. Kama Waswisi wa zamani, Waha walijulikana mbali kwa nguvu zao kabla ya kujulikana kwa nchi yao. Enzi za Waingereza, Kasulu na Kibondo zilikuwa hifadhi ya nguvu kazi. Wanaume waliandikishwa kuwa manamba, wakapelekwa mpaka mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi yao ya kuajiri, SILABU, kufanya kazi hiyo kwa mpango. Mtu alipewa kipande, kadi yenye nafasi za siku thelathini za kazi, na siku ambayo hakumaliza sehemu yake haikutiwa alama wala haikulipwa. Alikata mkonge miaka mingi, na aliporudi hakuwa na kitu alichoweza kumfundisha mwanawe, maana katika Buha hakuna mkonge. Hapo ndipo tofauti kati ya nguvu na ufundi inapoonekana wazi. Nguvu iliyouzwa Tanga iliishia Tanga. Ufundi ungerudi nyumbani pamoja na mwenyewe.

Atakayesema kwamba Kigoma ni mbali mno hana budi kukumbuka kwamba Bürgenstock ilikuwa malisho yasiyo na njia. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914. Gombe ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1968, na jina lake linajulikana dunia nzima kwa utafiti ulioanzishwa na Jane Goodall mwaka 1960. Mahale ilifuata mwaka 1985. Ujiji ndipo Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871. Ardhioevu ya Malagarasi na Muyovozi, inayogusa Kibondo na Kasulu, iliandikwa mwaka 2000 kuwa eneo la kwanza la Tanzania katika Mkataba wa Ramsar. Kule juu, Muyama na Manyovu, kuna baridi ya asubuhi, migomba, mibuni na mandhari ambayo Bucher angesimama kuitazama. Ni kweli pia kwamba Uswisi ilikuwa jirani na matajiri wa Uingereza na Ufaransa, na sisi hatuko hivyo. Hilo linatuonya tusianze na hoteli kubwa. Halituzuii kuanza na ufundi, kwa sababu ufundi hauna hasara ya vyumba vitupu. Kijana aliyefunzwa akikosa mgeni Kasulu atampata Mwanza, Dodoma au Zanzibar, na siku Kasulu itakapomhitaji atarudi akiwa fundi.

Na mahali pa kuanzia pako. Mwaka ule ule wa 1975 ambapo Kenya ilikuwa inaanzisha chuo chake na Waswisi, Tanzania ilianza kujenga vyuo vya maendeleo ya wananchi kwa msaada wa Sweden, na kimojawapo kipo Kasulu. Uswisi ilifanya jambo la namna hiyo nchini kwetu pia. Maabara ndogo ambayo Rudolf Geigy wa Basel aliianzisha Ifakara mwaka 1957 ilifuatwa na mafunzo ya watu wa afya mwaka 1961, na leo ni taasisi ya Watanzania inayoheshimiwa katika utafiti wa malaria. Kila mahali mpango ni ule ule: palipofundishwa watu, pamedumu.

Halmashauri za Kasulu, Buhigwe na Kibondo zitakapopanga bajeti zijazo, zisishawishike kuanza na jengo la ghorofa lenye jina zuri. Zianze na darasa la watu 27, kama lile la Ouchy, lenye jiko linalowaka, vyumba vichache vya wageni wanaolipa, na mchango mdogo wa kila gesti na kila mgahawa wa wilaya. Somo la kwanza liwe kikombe cha kahawa iliyochumwa, ikakaangwa na kusagwa hapa hapa Buha, kikiletwa mezani kikiwa cha moto, na kijana anayejua bei yake, asili yake na namna ya kukishika.